Nini maana ya sera inayoegemea ushahidi wa kisayansi?

Neno "sera" tumelizoea sana tangu serikali za kaunti zianze kazi hapa Kenya mwaka 2013. Likiongezewa "inayoegemea ushahidi wa kisayansi", wengi huona ni mtaalamu anakuja kuwaamulia watu mambo yao. Sivyo. Maana yake ni kwamba kabla ya kupitisha sheria, bajeti au katazo, serikali hutaka kujua jambo lenyewe linakwendaje hasa. Linapimwa, na kipimo kinawekwa mezani ambapo kila mtu anaweza kukiona na kukihoji. Kuamua kunabaki kwa watu na viongozi wao.

Mfano ninaoupenda uko Shela, kisiwani Lamu. Mwenye haraka akivitazama vile vilima vya mchanga huona ardhi tupu inayongoja kujengwa. Lakini mvua ikinyesha, maji hupenya mchangani, yakashuka mpaka yakakutana na maji ya bahari yaliyoingia chini ya kisiwa. Maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, ni mepesi kuliko ya chumvi, kwa hiyo hukaa juu yake, kama samli ikaavyo juu ya mchuzi. Hapo ndipo visima vya Amu, yaani mji wa Lamu, vinapochota.

Zaidi ya miaka mia moja iliyopita, Mholanzi Badon Ghyben na baadaye Mjerumani Herzberg walipata hesabu ya jambo hili. Kwa kila mita 1 ya maji baridi iliyo juu ya usawa wa bahari, kuna kama mita 40 nyingine chini ya usawa huo. Sasa igeuze hesabu hiyo. Pampu zikishusha maji kwa mita 1 tu, chumvi kule chini inaweza kupanda, baada ya muda, kama mita 40. Ardhini mambo hayanyooki kama kwenye daftari, lakini mwelekeo ni huo huo.

Na ulimi hauwezi kutuonya mapema. Chukua ndoo ya maji ya kisima uonje. Chumvi huanza kuhisika pale kloridi, sehemu kubwa ya chumvi ya bahari, inapofika kama miligramu 250 kwa lita. Maji ya bahari yana kama miligramu 19,000. Kwa hiyo ukisema "maji yamebadilika", bahari imekwisha kuingia kisimani kiasi cha sehemu moja kwa mia, na kuirudisha nyuma ni kazi ya miaka. Kipimo kidogo cha kutumbukiza ndooni kingeliona badiliko hilo mapema zaidi, kama kisima kingepimwa kila mwezi na namba zikaandikwa. Mwaka 2002 vilima vya Shela vilitangazwa katika gazeti rasmi la serikali kuwa chanzo cha maji kinacholindwa. Uamuzi ule ulitoka kwenye kuelewa kwamba mchanga ule ndio tangi letu, na anayejenga au kuchimba choo juu yake anachezea maji ya mji mzima.

Sayansi huishia hapo. Inaweza kukwambia kisima kinastahimili pampu kwa saa ngapi. Haiwezi kukwambia kati ya hoteli, msikiti na nyumba ya mjane nani afungiwe mfereji kwanza. Hilo ni suala la haki, na anayelificha nyuma ya "wataalamu wamesema" anawakosea watu na anaikosea sayansi pia.

Kipimo kisichoonwa na watu nacho hakitoshi. Kiwanda cha umeme wa makaa ya mawe cha megawati 1,050 kilichopangwa kujengwa Kwasasi, Lamu, kilipata leseni ya mazingira mwaka 2016. Juni 2019 Mahakama ya Kitaifa ya Mazingira ikaifuta. Ripoti ya tathmini ilikuwepo, tena nene, lakini mahakama iliona kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo wala kupewa nafasi ya kuyapima yaliyomo. Mimi naona hukumu ile ilieleza dhana hii vizuri kuliko semina nyingi. Na wananchi hawaji mikono mitupu. Wazee waliotia samaki wadogo ndani ya birika la kuhifadhia maji ili wale viluwiluwi vya mbu walikuwa wameangalia, wakajaribu, wakaona matokeo. Huo nao ni ushahidi.

Kuna faida nyingine isiyotajwa sana: sayansi huonyesha jambo ni la serikali ipi. Nenda Malindi wakati wa upepo wa kaskazi baada ya mvua uitazame bahari ilivyogeuka rangi ya chai ya maziwa. Ni udongo wa mto Sabaki, unaomwaga maji yake kaskazini ya mji. Kaskazi inapovuma, mkondo huuleta kusini hadi kwenye matumbawe ya hifadhi ya bahari iliyoanzishwa mwaka 1968; kusi ikiingia, udongo huelekea upande wa pili. Manahodha wanalijua hilo tangu zamani. Watafiti walioufuata udongo huo juu ya mto walifika mbali, kwenye miteremko inayolimwa ya Ukambani, kwa sababu Sabaki ni mto Athi ule ule unaopita karibu na Nairobi.

Kaunti ya Kilifi, ambamo Malindi imo, inaweza kukataza nyavu haribifu na kuwapa walinzi mashua na mafuta. Haiwezi kumwamuru mkulima wa Machakos, huko Ukambani, achimbe matuta shambani. Mjumbe wa wadi anayeahidi Malindi kwamba bunge la kaunti litaisafisha bahari anaahidi asichoweza. Anachoweza ni kuvibeba vipimo vya tope, mwezi kwa mwezi, hadi Nairobi, na kuwaketisha meza moja watu wa mto huo wote, wa juu na wa chini.