Katika taichi, kazi iko miguuni

Kijana mmoja aliyemleta mama yake kwenye kliniki yetu hapa Nakuru alinieleza kwa adabu, "Daktari, mama hutembea shambani kutwa nzima, hayo mazoezi ya Wachina ya kupunga mikono polepole yatamfaa nini?" Kauli hii nimechoka kuisikia, kwa kuwa inawanyima wazee zoezi ambalo wangeliweza na ambalo lingewafaa.

Anayeitazama taichi, yaani hayo mazoezi ya Kichina ya polepole, huiangalia mikono, ilhali kazi iko miguuni. Mzee anapokunja magoti kidogo na kuhamishia uzito wote mguu wa kushoto kabla ya kuunyanyua wa kulia, misuli ya paja na ya nyonga huubeba mwili mzima kwa sekunde kadhaa, na kwa sababu anakwenda polepole, hakuna kasi ya kumvusha pale alipo dhaifu. Katika kutembea kwa kawaida, mguu mmoja haujaelemewa vya kutosha kabla ya mwenzake kuupokea mzigo. Mtazame mama huyo akipanda matatu: anashika mlango kwa mikono miwili, mguu wa kulia unafika kwenye kidato, kisha kifundo cha mguu uliobaki chini kinayumba mpaka makanga amshike kwapani. Udhaifu uko katika mguu uliosimama, na huo ndio taichi inaoufundisha.

Kwa hiyo anayeiga video ya simu akiwa amenyoosha magoti, huku nyayo zikiburuzwa na mguu ukiangushwa chini badala ya kuwekwa, hajafanya taichi, na hana haki ya kuilaumu kwamba haikumsaidia.

Ushahidi upo. Katika jaribio la Oregon, Marekani, lililochapishwa mwaka 2018, Fuzhong Li na wenzake waliwafuatilia watu 670 wenye umri wa miaka 70 na zaidi, waliokuwa katika hatari ya kuanguka. Baada ya wiki 24, kundi la taichi lilikuwa limeanguka mara chache kwa asilimia 58 kuliko kundi la kunyoosha viungo, na kwa asilimia 31 kuliko kundi lililochanganya mazoezi ya nguvu, pumzi na kujisawazisha. Hata hivyo, mapitio ya mwaka 2019 ya Cochrane, mtandao wa watafiti unaokusanya na kupima ushahidi wa tiba, yaliyojumlisha majaribio mbalimbali yalipata upungufu wa asilimia 19 tu, tena kwa uhakika mdogo, na hakuna namna ya kumficha mshiriki zoezi analofanya, hivyo matarajio yake yanaweza kuathiri matokeo. Mimi huzitajia familia hiyo 19, kwa maana hata hiyo si haba. Programu ya Oregon, isitoshe, ilijengwa juu ya miondoko minane tu, kwa hiyo mzee halazimiki kukariri mlolongo mrefu.

Kwa moyo na pumzi, taichi ni zoezi la wastani, linalokaribiana na matembezi ya kawaida. Kwa nguvu za misuli haitoshi peke yake: Shirika la Afya Duniani linawataka wenye miaka 65 na zaidi wafanye mazoezi ya kujisawazisha siku tatu au zaidi kwa wiki, na ya nguvu angalau siku mbili.

Mama aanze akiwa na kiti kizito ubavuni, juu ya sakafu kavu, amevaa viatu bapa visivyoteleza, na goti likimuuma apunguze kulikunja.