Pasi kufika si kucheza vizuri

Mechi ya futiboli ya Kimarekani ya vyuo vikuu ikiisha, watu hukimbilia asilimia: kwotabeki (mrushaji mkuu wa pasi) kafikisha pasi 20 kati ya 25, basi katisha! Wapi. Pasi fupi ya pembeni, mpokeaji akaangushwa palepale, nayo huhesabiwa imefika.

Kanuni ya NCAA, chama cha michezo ya vyuo Marekani, ya kumpima mrusha pasi huchimba zaidi: yadi (umbali uliopatikana kwa pasi zake) mara 8.4, tachidauni (pasi zilizozaa bao) mara 330, pasi zilizofika mara 100. Jumlisha, toa 200 kwa kila iliyonaswa na wapinzani, kisha gawa kwa pasi zote alizorusha. Huyo wa 20, akiwa na yadi 150 tu bila tachidauni wala kunaswa, anaambulia 130.4. Mwenzake wa 15 kati ya 25, yadi 260, tachidauni 2 na moja kunaswa, anapata 165.8. Na hata kanuni hiyo haijui kama mpira ulionaswa ulimponyoka mpokeaji mikononi; hapo itabidi urudie video.