Je, wajua kwa nini kurudia daftari hakumtoshi mtahiniwa wa AP?

Kila mwezi Mei, vijana wa sekondari nchini Marekani huketi kufanya mtihani ambao kiwango chake ni cha mwaka wa kwanza wa chuo kikuu. Unaitwa AP, kifupi cha Advanced Placement, na unaendeshwa na shirika la College Board. Wengi wa watahiniwa wana miaka 16 au 17. Mzazi aliyekulia Tanga au Bukavu na sasa analea Ohio huenda akaliona jina hilo kwenye ratiba ya mwanawe asijue ni kitu gani, wala amsaidie vipi. Mimi naona ni mtihani mzuri, ila unadai maandalizi ya namna yake, tofauti na yale ambayo wengi wetu tulizoea.

Wazo lake lilizaliwa mwanzoni mwa miaka ya 1950. Walimu wa shule tatu za bweni, Andover, Exeter na Lawrenceville, walikaa na wenzao wa Harvard, Princeton na Yale, wakakubaliana kwamba wanafunzi hodari walikuwa wakipoteza muda: walichosoma mwishoni mwa sekondari walikuja kufundishwa tena walipoingia chuoni. College Board ikachukua mpango huo mwaka 1955, na mwaka uliofuata ikaendesha mitihani yake ya kwanza.

Kwa aliyepita kidato cha tano na sita, tofauti iko hapa. Mwanafunzi wa AP hafungwi na tahasusi, yaani mkupuo wa masomo matatu, kama PCM (fizikia, kemia na hisabati) au HGL (historia, jiografia na Kiingereza). Anachagua somo mojamoja kati ya masomo yapatayo 40, na anaendelea na masomo yake ya kawaida. Mmoja anachukua historia ya Marekani peke yake, mwingine anabeba kalkulasi (tawi la hisabati), baiolojia na Kispania kwa mpigo. Alama hutolewa kuanzia 1 hadi 5. Vyuo vingi huanza kutambua alama ya 3, vingine hudai 4 au 5. Vyuo vya Chuo Kikuu cha California hutoa krediti, yaani huhesabu kazi hiyo kama masomo ya chuo yaliyokwisha kufanywa, kwa 3 na kuendelea, wakati chuo cha Dartmouth kiliacha kutoa krediti za AP kwa wanafunzi walioanza kuingia mwaka 2014. Kwa hiyo kabla ya kulipa ada ya mtihani, ambayo sasa inakaribia dola 100 kwa somo, fungua tovuti ya chuo ambacho kijana anakitamani uangalie jedwali lake. Na familia yenye kipato kidogo iulize shuleni habari za punguzo, kwa sababu lipo.

Katika masomo mengi, mtihani wenyewe una sehemu mbili: maswali ya kuchagua jibu na maswali ya kujieleza. Chukua Kalkulasi AB, mmojawapo wa mitihani ya kalkulasi. Maswali ya kuchagua ni 45 kwa dakika 105, kisha yanafuata 6 ya kujieleza kwa dakika 90, na kila sehemu inabeba nusu ya alama. Kubahatisha hakuna adhabu tangu mwaka 2011, kwa hiyo swali la kuchagua lisiachwe wazi hata moja.

Sasa tuje kwenye swali letu. Kijana amerudia daftari lake mara nne, amepaka rangi kila mstari wa maana, na bado Mei inampiga. Kwa nini?

Mwaka 2006 wanasaikolojia Henry Roediger na Jeffrey Karpicke wa Chuo Kikuu cha Washington mjini St. Louis walichapisha jaribio ambalo kila mwalimu angefaa kulijua. Waliwapa wanafunzi vifungu vifupi vya kusoma. Kifungu kimoja walikisoma, kisha wakakisoma tena. Kingine walikisoma mara moja tu, halafu wakakiweka kando na kuandika yote waliyoyakumbuka, bila mtu kuwaambia wapi wamekosea. Baada ya dakika tano, waliosoma mara mbili walikuwa mbele: walikumbuka asilimia 81 ya mambo, dhidi ya 75. Lakini baada ya siku mbili mambo yakageuka, 54 dhidi ya 68. Baada ya wiki moja, kusoma mara mbili kulikuwa kumeacha asilimia 42, na kujijaribu kumeacha 56.

Hizo dakika tano za mwanzo ndizo zinazowapoteza watoto wetu. Ukirudia ukurasa, macho yanapita kwa wepesi, kila neno unalitambua, na moyo unakwambia somo limeingia. Kulitambua jambo lililo mbele ya macho ni kazi moja, kulitoa kichwani karatasi ikiwa tupu ni kazi nyingine kabisa. Mtihani unadai hii ya pili. Na kila mara kijana anapojilazimisha kukumbuka, hata akisuasua, ile njia ya kulifikia jambo inazidi kuwa imara. Ni kama njia ya miguu porini, inayobaki wazi kwa kukanyagwa.

Ndiyo maana maandalizi bora ya AP huanza kwa kufunga kitabu. Bahati nzuri, College Board huweka wazi maswali ya kujieleza ya miaka iliyopita, bila malipo, pamoja na miongozo ya usahihishaji na mifano ya majibu ya wanafunzi yenye maelezo ya kwa nini yalipewa alama zile. Nyumbani tunaziita pasti pepa na tunazijua vizuri, ila wengi huzitumia vibaya. Kijana anasoma swali, anachungulia jibu, anatikisa kichwa kukubali, anageuza ukurasa. Hapo hajajijaribu chochote. Aweke saa, aandike jibu zima kwa kumbukumbu, kisha ndipo achukue mwongozo na kujisahihisha bila huruma.

Miongozo hiyo ina mafunzo ambayo kitabu cha kiada hakikupi. Katika kalkulasi, jibu halihitaji kurahisishwa kama swali halikuagiza hivyo. Ukishafika kwenye jibu lililo sahihi, liache kama lilivyo, maana ukiendelea kulirahisisha ukakosea, utapoteza alama uliyokwisha kuipata. Namba za desimali ziwe sahihi hadi nafasi tatu baada ya nukta. Na jibu tupu lisiloonyesha kazi linaweza kukosa alama hata kama ni sahihi.

Historia ya Marekani ina lile swali la nyaraka, ambalo kwangu ndilo swali zuri kuliko yote katika AP nzima. Mtahiniwa anapewa nyaraka saba, pengine hotuba, barua, katuni ya gazeti, na dakika 60. Alama ni saba. Moja ni ya hoja kuu inayotetewa, moja ya kueleza mazingira ya zama zile, mbili za kutumia nyaraka zenyewe, moja ya kuleta ushahidi kutoka nje ya nyaraka. Nyingine inapatikana kwa kueleza kwa nini mwandishi wa waraka, kwa nafasi yake au hadhira yake, aliandika vile. Ya saba inataka fikra pana zaidi. Angalia ile ya ushahidi wa nje: haimo kwenye karatasi, wala huwezi kuibuni pale. Itatoka kichwani au haitatoka. Na anayefupisha waraka mmoja baada ya mwingine, hata kwa lugha nzuri kiasi gani, atamaliza dakika zake na alama chache mkononi.

Jambo la pili, baada ya kujijaribu, ni kuchanganya aina za maswali. Watafiti Doug Rohrer na Kelli Taylor walichapisha mwaka 2007 jaribio la wanafunzi waliofundishwa kutafuta ujazo wa maumbo manne yasiyo ya kawaida. Kundi moja lilifanya maswali ya umbo moja mpaka yaishe, kisha likahamia jingine. Kundi la pili lilichanganyiwa. Wakati wa mazoezi kundi la kwanza lilipata asilimia 89 na la pili 60. Mtihani ulipokuja wiki moja baadaye, la kwanza likaanguka hadi 20, la pili likapata 63. Aliyefanya maswali kumi ya aina moja hajawahi kulazimika kujiuliza hili ni swali la aina gani, na katika AP hilo ndilo la kwanza kujibu.

Kuna historia ambayo wanaoufuatilia mtihani huu hawaisahau. Mwaka 1982, katika shule ya Garfield, Los Angeles Mashariki, mtaa wa familia za kipato cha chini zenye asili ya Mexico, wanafunzi 18 wa mwalimu Jaime Escalante, mzaliwa wa Bolivia, walifaulu kalkulasi. Wasimamizi wakaona makosa yanayofanana kwenye majibu na kuwatuhumu 14 kwamba walinakili. Kumi na wawili wakakubali kurudia mtihani, na wote wakafaulu tena.

Escalante alianza darasa hilo miaka kadhaa kabla, na mwaka 1979 waliofaulu walikuwa wawili tu. Katikati yake palikuwa na mazoezi ya asubuhi kabla ya kengele, vipindi vya jioni na masomo ya likizo. Kijana wa leo hana haja ya kusubiri mwalimu wa aina hiyo ndipo aanze. Oktoba, dakika 20 za kujijaribu bila kitabu, mara tatu au nne kwa wiki. Januari, swali moja zima la kujieleza kila wiki, huku saa ikihesabu. Ikifika Aprili, karatasi nzima zenye maswali ya topiki zote, na kwa yale masomo ambayo sasa hufanywa kwa kompyuta, ajizoeze pia kwenye Bluebook, programu ileile atakayoikuta siku ya mtihani. Mzazi asiyejua kalkulasi anaweza kushika saa, na kumuuliza mwanawe jioni: hebu nieleze ulichosoma leo, daftari likiwa limefungwa.