Nadharia yako ya graviti ina digrii ngapi za uhuru?

Nikiletewa nadharia mpya ya graviti, hasa zile zinazobuniwa kueleza kwa nini ulimwengu unazidi kupanuka kwa kasi, mimi huanza kwa kuhesabu. Michoro ya supanova, zile nyota zinazolipuka ambazo hutumiwa kupima upanukaji huo, nitaitazama baadaye. Kwanza niambie: humo ndani mna vitu vingapi vinavyoweza kutikisika vyenyewe?

Hizo ndizo digrii za uhuru. Mlango ulioshikwa na bawaba unayo moja tu, yaani pembe uliyofunguka. Ng'oa bawaba, na mlango uleule unakuwa nazo sita.

Einstein anatumia metriki, jedwali lenye namba 10 katika kila nukta ya anga na wakati. Ungedhani basi digrii ni 10. Lakini majira manne, yaani namba za kutaja mahali na wakati, tunajichagulia tupendavyo, kwa hiyo namba nne ni suala la majina tu. Tena, minne kati ya milinganyo yake kumi haisemi mambo yatakwendaje kesho; inasema tu hali ya leo iweje. Toa nne, toa nne, zinabaki 2. Ndizo zile namna mbili ambazo wimbi la graviti linanyoosha na kubana anga likipita.

Sasa mtu anaanza kurekebisha. Njia nyepesi ni f(R): mahali pa R, mpindo wa anga na wakati katika nadharia ya Einstein, unaweka fomula fulani ya R, kama Starobinsky alivyoongeza R² mwaka 1980 kwa ajili ya ulimwengu mchanga. Hapo inazaliwa digrii ya tatu, uga wa skala (namba moja tu katika kila nukta) wenye masi yake. Si mbaya, ila uga huo huleta kani ya ziada, na lazima utafute namna ya kuificha karibu na Jua, ambako vipimo havina huruma.

Kisa kinachonivutia zaidi ni kuipa masi gravitoni, chembe inayodhaniwa kubeba graviti. Fierz na Pauli walifanya hivyo mwaka 1939, wakapata digrii 5. Masi inaondoa ule uhuru wa kujichagulia majira, na bawaba zinang'oka. Mwaka 1970 van Dam na Veltman, na Zakharov kwa upande wake, wakaonyesha jambo la kushangaza: hata masi ikikaribia sifuri, nuru inayopita kando ya Jua inapinda robo tatu tu ya kiasi cha Einstein. Moja ya zile tano, ile ya skala, haiondoki eti kwa sababu masi imepungua. Vainshtein akajibu mwaka 1972 kwamba karibu na Jua makadirio ya mstari, yanayochukulia graviti kuwa dhaifu, hayafai, kwa hiyo hesabu nzima inaweza kumrudia Einstein.

Ahueni hiyo haikudumu. Mwaka huohuo Boulware na Deser walihesabu bila makadirio, wakakuta digrii ya sita imejificha. Nayo ni mzuka: nishati yake ya mwendo ni hasi, hivyo hata ombwe tupu linaweza kuzaa chembe bila kikomo. Suluhisho lilisubiri karibu miaka 40, hadi 2010 na 2011, pale de Rham, Gabadadze na Tolley walipopanga vipengele vya masi kwa ustadi, kisha Hassan na Rosen wakathibitisha kwamba ya sita kweli haipo.

Ndiyo maana sitosheki nikisoma makala iliyohesabu mitikisiko midogo tu, kisha ikatangaza kuwa nadharia ni salama. Chukua f(T), inayotumia msokoto badala ya mpindo. Kwenye anga bapa, yaani isiyo na graviti, mitikisiko midogo inatoa digrii 2, sawa kabisa na Einstein. Fanya hesabu kamili ya Hamilton, inayohesabu digrii zote bila makadirio, na zinatokea zaidi: Li na wenzake walipata 5 mwaka 2011, Ferraro na Guzmán wakapata 3 miaka michache baadaye. Mabishano hayo ni ya kitaalamu mno, ila jibu lolote kati ya hayo linaiweka f(T) matatani. Digrii zilizopo kwenye hesabu kamili na kutoweka kwenye anga bapa ni dalili kwamba muunganiko wake ni mkali mno mahali hapo, yaani mitikisiko inaathiriana kwa nguvu mno, na makadirio yaliyoanzia hapo hayana msingi. Kwa hiyo makala ya f(T) yenye michoro mizuri ya upanukaji wa ulimwengu, mimi naisoma kuanzia kiambatisho, nikitafuta hesabu ya digrii.