Tope la ziwa linakumbuka mvua tulizozisahau

Mei 2020, Ziwa Victoria lilipanda hadi kupita rekodi ya mwaka 1964. Mialo, yaani mahali pa kushushia samaki, ilimezwa, mashamba na nyumba za Kenya, Uganda na Tanzania zikaingiliwa na maji, na wakazi wengi wakasema ziwa halijawahi kufika hapo. Sisi wa jiografia tunauliza: tangu lini?

Vipimo vya kina cha maji kule Jinja, unakoanzia Mto Nile, vilianza mwishoni mwa karne ya 19. Umri wa vizazi vichache tu. Kwa habari za zamani zaidi tunalitegemea tope.

Mwaka hadi mwaka, chini ya ziwa hutua udongo wa mito, chavua ya mimea, masizi ya mioto ya nyika na mabaki ya wadudu. La kale liko chini, la jana juu. Wataalamu hukita bomba refu kutoka kwenye jukwaa linaloelea, hulivuta likiwa limejaa tope, kisha hulipasua kwa urefu wake maabara.

Tope la Ziwa Challa, lililo katika kasoko, yaani shimo la volkeno, mpakani mwa Tanzania na Kenya, mashariki ya Kilimanjaro, ukilipasua unaona mistari: mweupe, mweusi, mweupe, mweusi, membamba kama kurasa. Miezi ya kipupwe upepo hukoroga maji na kuinua rutuba kutoka chini. Diatomu, mwani mdogo mno wenye ganda la silika, hustawi, hufa na kutandika mstari mweupe. Mvua zikirudi maji hutulia, na unatandikwa mweusi. Jozi moja ni mwaka mmoja. Miaka ya La Niña, yenye ukame na upepo mkali, huacha jozi nene. Ya El Niño huacha nyembamba. Mwaka 2016 tope la ziwa hili lilichimbwa kwa zaidi ya mita 200 kwenda chini, na umri wake ni takriban miaka 250,000.

Kule Ziwa Naivasha, Kenya, nako tope la miaka 1,100 limeonyesha vipindi virefu vya ukame, kimoja kati ya takriban mwaka 1760 na 1840, na watafiti walivikuta vikilingana na masimulizi ya wazee kuhusu njaa na kuhama kwa watu. Kwangu huo ni ushahidi mzito. Masimulizi ya mababu yanastahili kuandikwa kwa uangalifu uleule tunaoutumia kupima mvua.

Sasa turudi Victoria. Chini ya tope laini la ziwa hilo, bomba limegonga udongo mgumu, wa aina inayofanyika juani, wenye mabaki ya majani ya nchi kavu. Takriban miaka 15,000 iliyopita ziwa lote lilikuwa limekauka. Hilo linawezekana kwa sababu kina chake hakizidi sana mita 80, na sehemu kubwa ya maji yake ni mvua inayonyesha juu ya ziwa lenyewe. Mvua ikipungua kwa muda mrefu, mito peke yake haitoshi kulijaza.

Tope la juu, la karne iliyopita, lina habari nyingine, nayo inatuhusu sisi moja kwa moja. Kuanzia miaka ya 1930 mwani uliongezeka kwa kasi, sambamba na ongezeko la watu na mashamba yaliyofyekwa kandokando. Mwani ukifa na kuoza hula oksijeni. Kufikia miaka ya 1960 maji ya kina kirefu yalianza kuikosa, na furu, samaki wadogo wa asili waliozoea kuishi huko, wakapoteza makazi yao. Sangara, samaki mlaji aliyeletwa ziwani na watu, analaumiwa kwa kupungua kwa furu, na kwa haki, lakini rutuba na udongo wa mashambani vilishatangulia kulidhoofisha ziwa.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya Tanzania ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni. Ufukwe upi, basi? Ule wa mwaka 2006, ziwa liliposhuka sana, au wa 2020? Ninazishauri halmashauri zipime kuanzia alama ya juu kabisa inayojulikana, na mita hizo 60 ziachiwe matete na mafunjo, yanayonasa udongo kabla haujafika majini.