Barua Moja, Bei Mbili: Tunayoyaamini Kigoma Kuhusu Gharama za Posta

Mdogo wangu anaishi Ujerumani, mimi niko Mwanga, Kigoma mjini. Bado tunaandikiana kwa mkono, maana mama anapenda karatasi anayoweza kuishika na kuirudia. Kila mmoja wetu anapotozwa bei tofauti na ya juzi, lawama humwangukia karani wa dirishani. Kwa wenzangu wa Ujiji na Gungu wenye ndugu ng'ambo nasikia manung'uniko hayohayo, na mengi yanatokana na mambo tusiyoelezwa.

Dhana kubwa ni kwamba karani hujipangia bei. "Wiki iliyopita bahasha kama hii nililipa nusu!" Kama hii kwa macho, siyo kwa mizani. Bei ya barua haipandi gramu kwa gramu, inapanda kwa ngazi, na katika nchi nyingi ngazi ya kwanza inaishia gramu 20. Karatasi ya kawaida ya A4 ina gramu 5. Karatasi tatu ni 15, bahasha nyepesi inaongeza kama 5 hivi, tayari uko ukingoni. Mama akiomba ukurasa mmoja zaidi wa salamu za majirani, au ukatia picha ya harusi, umeshavuka na utalipia ngazi nzima inayofuata. Marekani ngazi ya kwanza ni aunsi moja, karibu gramu 28. Kwa hiyo barua ya gramu 24 inalipiwa bei ya chini kabisa New York, lakini Berlin inapanda daraja. Umbo nalo lina bei yake: Uingereza, bahasha ikizidi unene wa sentimita 2.5 inahesabiwa kuwa kifurushi, hata ikiwa nyepesi namna gani.

Wengine huamini kitu chepesi hakiwezi kuwa ghali. Kampuni za kusafirisha vifurushi haraka kwa ndege huuza nafasi pia. Wanazidisha urefu, upana na kimo kwa sentimita, wanagawa kwa 5,000, kisha wanalinganisha na mizani. Kilicho kikubwa ndicho utakacholipia. Boksi la 40 kwa 30 kwa 30 lenye vikapu vya kilo 3 linahesabiwa kilo 7.2. Vitenge vilivyokunjwa vizuri havikupi hasara hiyo.

Kuna na hili la kwamba posta ni moja duniani, hivyo bei ya kwenda na ya kurudi zilingane. Umoja wa Posta Duniani, ulioanzishwa Bern mwaka 1874, unaweka taratibu za pamoja, lakini bei ya stempu inapangwa na kila nchi. Tena pesa hiyo haibaki yote kwa nchi inayotuma, kwa sababu nchi inayopokea hulipwa kwa kazi ya kuifikisha barua. Malipo hayo yalikubaliwa Tokyo mwaka 1969. Kabla ya hapo kila nchi ilibaki na pesa za stempu zake, kwa imani kwamba kila barua huzaa jibu. Naipenda imani hiyo, ila iliziumiza nchi zilizopokea mizigo mingi kuliko zilizotuma. Mwaka 2018 Marekani ilitishia kujitoa katika Umoja huo, na mwaka 2019 ikaruhusiwa kujipangia viwango vyake vya kupokea vifurushi vidogo kuanzia 2020. Mabadiliko ya namna hiyo yanaweza kutufikia hadi dirishani.

Wapo pia wanaodhani hakuna kinachosafiri bila ada. Mkataba wa Umoja huo una kifungu cha kusamehe ada ya posta kwa maandishi ya wasioona, yakiwemo ya nukta nundu, ingawa nyongeza ya ndege inaweza kutozwa. Mwenye ndugu asiyeona aulize kabla ya kulipa.

La mwisho lilinigusa mwenyewe: kwamba ukiandika "zawadi" umemaliza habari ya ushuru. Umoja wa Ulaya unasamehe zawadi ya mtu kwa mtu ikiwa thamani yake haizidi yuro 45. Thamani hiyo lazima ionekane kwenye fomu ya forodha, CN22 kwa kifurushi kidogo. Mimi niliandika "nguo" tu, bila idadi wala bei, na mdogo wangu akaitwa kwenda kueleza vitenge alivyotumiwa na mama yake ni vya nini. Siku hizi naandika: vitenge 2, pamba, bei ya kila kimoja, na risiti ya sokoni naiambatanisha nje ya kifurushi.