Kulia msibani siyo kukosa imani

Huku Masasi ukienda msiba wa Wakristo hukosi mtu wa kumwambia mfiwa "nyamaza mama, si umeokoka wewe, unalia nini sasa", yani mjane kakaa mkekani kanga imelowa machozi halafu anasomewa 1 Wathesalonike 4:13 kama vile anakaripiwa. Jamani, Paulo hapo hajakataza kulia, kasema tusihuzunike kama wasio na matumaini, na matumaini yenyewe ni kwamba Yesu alikufa akafufuka, na waliolala katika yeye Mungu atawaleta pamoja naye. Huzuni iko palepale. Yesu mwenyewe kwenye msiba wa Lazaro alilia, Yohana 11:35, na alishajua anaenda kumfufua! Muacheni mama wa watu alie, nyie mpelekeeni uji.